Mkulima na Mkewe katika Hesabu za Watu: Kutoka Ufuko wa Luzira

Askari anayeshuka barabara ya Port Bell kutoka Nakawa, akaipita Kitintale na kufika Luzira, huona kwa mara moja kuta za gereza juu ya kilima, maji ya Ghuba ya Murchison chini yake, na nyumba zilizobanana katikati. Ni vigumu leo kuamini kwamba miteremko ya namna hiyo, kandokando ya ziwa zima, iliwahi kuwa mashamba ya migomba, na kwamba waliolima migomba hiyo walihesabiwa na Serikali tangu siku za awali za ukoloni. Je, watu hao waweza kupatikana tena katika karatasi?

Swali hilo si la udadisi mtupu. Polisi, askari magereza au mwanajeshi aliye mbali na kwao huweza siku moja kuitwa nyumbani kwa barua, baba amefariki, kibanja kina mgogoro, na mtu asiyemfahamu amesimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji akisema kwamba ardhi ile ilikuwa ya babu yake. Hapo ndipo askari huulizwa babu yake yeye alikuwa nani, alilima tangu lini, na ndoa ya bibi ilifungwa wapi. Asiye na jibu huondoka na sare yake tu.

Basi tuchukue mfano wa mume na mke. Mume amezaliwa yapata mwaka 1888, mwaka ambao Kabaka Mwanga aliondolewa kitini kwa mara ya kwanza. Mke ni mdogo wake kwa miaka minane, ametimia duniani pamoja na Kabaka Daudi Chwa, aliyezaliwa 1896. Hatuwapi majina, kwa kuwa ni watu wa mfano. Lakini kila kitabu tutakachokifungua kwa ajili yao ni kitabu cha kweli.

Huko Uingereza mjukuu wa mkulima ana kazi nyepesi. Sheria yao hufunga karatasi za sensa kwa miaka 100, kisha huzifungua kwa watu wote. Zile za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022, na ndani yake mtu humkuta babu kwa jina, mkewe kwa jina, umri wao, mahali walipozaliwa na kazi waliyofanya. Wamarekani hungoja miaka 72. Hata huko bahati ina mkono wake, kwani karatasi za England na Wales za mwaka 1931 ziliteketea zote kwa moto mwezi Desemba 1942. Kwetu Uganda, kilichotufikia kutoka sensa za kale ni vitabu vya majumla: saza hili wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Mkulima wetu na mkewe wamo, ila wamo kama punje mbili ndani ya gunia.

UFUKO MTUPU

Sensa ya kwanza iliyomkuta mume akiwa mtu mzima ni ya mwaka 1911. Lakini kabla ya kuifungua, yapasa kukumbuka maafa yaliyoupata ufuko wa ziwa miaka michache nyuma yake. Ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliingia mwanzoni mwa karne na kuua zaidi ya watu 200,000 katika visiwa na pwani za Buganda na Busoga. Gavana Hesketh Bell, ambaye bandari ya Luzira imechukua jina lake, aliamuru watu wote waliokaa karibu na maji wahamishwe, kiasi cha maili mbili kutoka ufukoni, isipokuwa mahali pachache pa kutia nanga palipofyekwa vichaka ili mbung'o wasipate kivuli. Kazi hiyo ilifanyika kati ya 1906 na 1909, kwa msaada wa machifu wa Buganda.

Maana yake kwa mtafutaji ni kubwa. Mtu ambaye babu zake walikuwa watu wa ziwani asiwatafute ziwani katika mwaka 1911. Awatafute bara, katika gombolola zilizopokea wahamiaji, ambako walikuwa wageni, pengine wakilima kwenye ardhi ya chifu asiyewajua. Wengi hawakurudi walikotoka. Kwa hiyo mjukuu akisikia nyumbani kwamba "sisi asili yetu ni pwani", na karatasi zikasema bara, asidhani mmojawapo amesema uongo.

Jumla ya nchi nzima katika mwaka huo iliandikwa kuwa watu 2,466,325. Namba tano hiyo ya mwisho huchekesha kidogo, maana hesabu yenyewe ilitolewa na machifu, na chifu alimjua barabara mtu mmoja tu katika kila nyumba, yaani yule mlipa kodi. Mtaalamu R. R. Kuczynski, aliyezichambua hesabu za makoloni ya Waingereza katika miaka ya 1940, alionyesha mashaka mengi juu ya sensa hizo za awali, na hakukosea. Mwananchi aliyeona karani anahesabu vichwa alijua kwamba nyuma ya karani anakuja mtoza kodi.

Kodi hiyo ilianzia katika Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, rupia tatu kwa kila nyumba kwa mwaka. Watu wakajibana katika nyumba moja ili kupunguza mzigo, hata Serikali ikaongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba yake. Tazama basi jinsi mume anavyoanza kuonekana: ana daftari la kodi, ana risiti, ana chifu anayemfahamu kwa jina. Mke hana kodi, kwa hiyo hana daftari. Katika vitabu vya Serikali vya miaka hiyo yeye ni sehemu ya nyumba, kama jiko na mlango.

KARIAKOO

Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Msomaji wa gazeti hili hahitaji kufundishwa kwamba jeshi haliendi bila mizigo. Lakini yafaa akumbushwe kwamba katika vita ile, ndani ya nchi isiyokuwa na barabara, mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya wakulima. Jina la Kariakoo, ambalo Dar es Salaam na Nairobi wamelihifadhi katika vitongoji vyao, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mume wetu alikuwa na miaka ishirini na kitu, umri hasa uliotakiwa.

Idadi rasmi ya wapagazi waliokufa Afrika Mashariki inazidi 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Baada ya vita ilidhihirika kwamba mishahara ya maelfu yao haikuwahi kuchukuliwa na mtu. Fedha zilikuwapo. Warithi hawakupatikana. Mpagazi mmoja aliandikwa jina la utani alilopewa na wenzake njiani, mwingine aliandikwa jina la chifu wake badala ya kijiji chake, na mwingine aliandikwa na karani asiyejua lugha yake hata mama mzazi asingelitambua jina lile lingesomwa mlangoni pake. Mkuu wa wapagazi, Oscar Watkins, alilishughulikia jambo hilo miaka mingi, na fedha nyingi hazikuwafikia wajane.

Nimekaa juu ya habari hii kwa makusudi. Jeshi lilikuwa na orodha kubwa ya wakulima, ikiwa na namba za kila mtu, kuliko ambavyo sensa yoyote ya wakati ule ilijaribu kufanya. Ilishindwa mahali padogo kabisa: tahajia ya jina na jina la kijiji.

Majina ya Kiganda yana mitego yake, na askari wetu wanaotoka nje ya Buganda huenda hawaijui. Mtoto wa Kiganda kwa desturi hakupewa jina la baba yake kama jina la ukoo. Alipewa jina lake mwenyewe kutoka akiba ya majina ya ukoo wao. Ndugu watatu wa baba mmoja waweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Anayetafuta "familia ya fulani" katika daftari kwa kufuata jina moja atapotea. Kinachowaunganisha ni ukoo wenyewe na muziro wake: Mamba, Nkima, Ngabi na nyinginezo. Aidha, watu waliozaa pacha huitwa Ssalongo na Nnalongo, na heshima hiyo hulifunika jina la ubatizo hata majirani wakalisahau. Karani akiuliza mama wa nyumba hii anaitwa nani, huambiwa Nnalongo, naye huandika Nnalongo, na katika gombolola moja Nnalongo ni wengi. Tena kuna herufi R na L, ambazo katika Kiganda hubadilishana mahali kwa kanuni yake, na karani aliyetoka Acholi au Nairobi hakuifahamu kanuni hiyo. Elisa na Erisa ni mtu mmoja.

KITABU CHA PADRE

Mke tutampata wapi? Tutampata kanisani. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Buganda mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879, na wote wawili walikuwa waandishi wa madaftari kuliko Serikali yenyewe. Wamisionari wa Mill Hill walikaa Nsambya tangu mwaka 1895, na vitabu vya ubatizo vya aina yao vina desturi moja inayomfaa sana mtafutaji: mtu akiisha kubatizwa, ndoa yake huandikwa baadaye pembeni mwa mstari wake wa ubatizo. Kwa hiyo binti aliyebatizwa akiwa msichana huweza kukutwa hapo pamoja na mwaka wa ndoa na jina la mume, mambo mawili ambayo sensa ya 1911 haikumwandikia.

Upande wa Anglikana, madaftari ya ndoa ya Kanisa Kuu la Namirembe yameanza mwaka 1895, na wanahistoria wa uchumi, miongoni mwao Felix Meier zu Selhausen, wameyasoma kwa maelfu ili kujua kama mtoto wa mkulima aliweza kuwa kitu kingine. Kila ndoa ilitaja bwana harusi, umri wake, kazi yake, na hata kazi ya baba yake na ya baba wa bibi harusi. Mkulima wa kawaida alihesabiwa miongoni mwa bakopi, neno la Kiganda kwa watu wasio na cheo, ambalo halihusiani na mkopo wala kukopa. Nafasi ya kazi ya bibi harusi mara nyingi iliachwa wazi, ijapokuwa ni yeye aliyeamka alfajiri na jembe kwenda migombani. Lakini alitakiwa kutia sahihi. Mahali pake pana jina lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, au pana alama ya msalaba. Ni jambo dogo, na hata hivyo ndilo jambo pekee katika karatasi zote za maisha yake lililotoka mkononi mwake.

Waislamu, ambao walikuwako Buganda kabla ya wamisionari, hawakuwa na madaftari ya namna hiyo katika miaka ile, na kwa mjukuu wa Kiislamu kazi ni ngumu zaidi. Yeye hutegemea mashahidi wa nikahi na wazee wa msikiti.

Mume naye alikuwa akiendelea kujikusanyia karatasi. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1927 ilipunguza madai ya wenye ardhi ya mailo, ikaweka busuulu ya shilingi kumi kwa mwaka, na ikamzuia mwenye ardhi kumfukuza mkulima anayelipa na kulima. Risiti ya busuulu ikawa silaha ya mnyonge. Ziko nyumba ambazo hadi leo risiti hizo hufungwa ndani ya kitambaa na kuwekwa chini ya godoro, na zinafanya vyema, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliwatambua tena wenye vibanja baada ya misukosuko ya Amri ya Ardhi ya 1975. Ila jina katika risiti ni la mume.

Katika miaka hiyohiyo ya 1920 gereza lilijengwa Luzira, na mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kilimani waliibua kichwa cha udongo uliochomwa, pamoja na vipande vya kiwiliwili, kazi ya wafinyanzi wa karne nyingi zilizopita. Sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, nacho kinajulikana kama Kichwa cha Luzira. Huyo ndiye mkazi wa Luzira wa zamani kuliko wote tunaoweza kuutazama uso wake, na wala hakuna mwenye kulijua jina lake.

USIKU WA KUHESABIWA

Mwaka 1948 ndipo sensa ilipofanywa kwa utaratibu wa kitaalamu katika Afrika Mashariki nzima. Uganda ilikutwa na watu 4,958,520. Umri uligawanywa katika mafungu mapana tu: walio chini ya mwaka mmoja, 1 hadi 5, 6 hadi 15, 16 hadi 45, na waliozidi 45. Mume wetu wa miaka 60 na mkewe wa miaka 52 wakatiwa katika kapu moja la mwisho. Sehemu moja ya kumi ya watu iliulizwa maswali zaidi, na humo wanawake waliulizwa wamezaa watoto wangapi. Kama karani aliangukia nyumba yao, basi kwa mara ya kwanza Serikali ilimuuliza mama huyo jambo ambalo yeye alilijua kuliko mumewe.

Umri wenyewe ulitafutwa kwa matukio. Karani huuliza: ulikuwa umezaliwa Mwanga alipopelekwa uhamishoni? Ulikuwa umeolewa wakati wa vita ya Wajerumani? Ndiyo sababu katika hesabu za Afrika Mashariki wenye miaka 50 na 60 hujaa tele, na wenye 51 na 59 huwa haba. Mjukuu akikuta umri wa babu ni 60 kamili, ausome kama "mzee wa makamo hayo" na si zaidi.

Kuna kanuni moja ya sensa ambayo msomaji mwenye sare hapana budi aielewe, kwa sababu inamgusa yeye mwenyewe. Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa sensa. Mwana wa wakulima wetu aliyeko kambini Jinja huhesabiwa kambini. Aliyeko gerezani Luzira, awe mfungwa au askari wa zamu, huhesabiwa Luzira. Aliyelazwa hospitali huhesabiwa hospitali. Katika karatasi ya nyumba ya wazazi wake hayupo kabisa. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1969, Uganda ilipokutwa na watu 9,535,051, nyumba nyingi za wakulima zilionekana hazina wana wa kiume, kumbe wana walikuwa malindoni, bandarini na katika nyumba za kupanga za Kampala. Atazamaye hesabu za Luzira naye asishangae iwapo wanaume wa umri wa kazi wamezidi.

Mwanya huo wa wazazi, kwa bahati njema, hujazwa na karatasi za kijeshi. Wananchi wa Uganda wapatao 77,000 walitumikia katika Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao katika King's African Rifles, na kila aliyeandikishwa alitakiwa kutaja kabila, wilaya, chifu wake na ndugu wa kumjulisha akifa. Askari kijana ambaye hajaoa alimtaja baba au mama. Kwa mwanamke mkulima asiyelipa kodi, ambaye jina lake halimo katika risiti ya busuulu, fomu ya mwanawe jeshini yaweza kuwa hati pekee ya Serikali iliyomtaja kwa jina na kijiji.

Sensa ya Januari 1980 ilifanywa miezi tisa tu baada ya kuanguka kwa utawala wa Amin. Ilitoa watu 12,636,179, lakini kumbukumbu zake nyingi zilipotea katika vurugu za miaka iliyofuata, na tulichobakiwa nacho hasa ni hesabu za muda. Kwa kizazi cha watoto wa wakulima wetu hilo ni pigo, kwani kati ya 1969 na 1991 ndipo watu wengi walipouawa, wakakimbia au wakahama, na mtu aliyekuwapo katika sensa moja na kutokuwapo katika nyingine hana karatasi ya kati ya kueleza alipitia wapi. Sensa ya 1991 iliuliza kama mama na baba wa mtu wangali hai. Ni rahisi kufahamu kwa nini swali hilo liliwekwa, nchi ikiwa imetoka vitani na ukimwi ukiwa umeingia kila kijiji.

Sensa ya Mei 2024 ilitumia vishikwambi badala ya karatasi na kukuta watu milioni 45.9. Majina yaliyotajwa humo ni siri kwa Sheria ya Idara ya Takwimu ya mwaka 1998, na mahakama haitaletewa ushahidi kutoka huko. Kwa hiyo askari atakayeitwa kesho kwa ajili ya kibanja au mirathi atalazimika kufuata njia ileile: paroko, risiti, muziro, mashahidi, na faili lake mwenyewe. Sheria ya Mirathi ilivyorekebishwa mwaka 2022 humpa mjane asilimia 20 ya mali ya mume asiyeacha wosia, lakini kwanza huulizwa kama alikuwa mke. Makarani wa mafaili hukutana mara kwa mara na fomu ambayo sehemu ya ndugu wa karibu ilijazwa siku ya kuandikishwa, kijana akiwa na miaka kumi na minane, ikataja mama aliyekwisha kufariki, na haikuguswa tena baada ya askari kuoa na kupata watoto wanne.

Mama wa mfano wetu, kama alikuwa hai mwezi Agosti 1959, alikuwa na miaka 63, mjane pengine, na alihesabiwa kuwa mmoja wa watu milioni 6.5. Tarishi akitumwa leo kumtafuta, aanzie Nsambya au Namirembe, aulize daftari la ndoa la miaka ya 1910, na aende na jina la ukoo wake.